Uraia umepatikana Mishamo, Kemia bado ni kizingiti cha chuo

MWAKA 1978, Serikali ya Tanzania ilifungua makazi mapya ya wakimbizi kutoka Burundi katika misitu ya miombo iliyoko kaskazini magharibi mwa mji wa Mpanda, upande wa njia iendayo Uvinza na Kigoma. Makazi hayo yaliitwa Mishamo.

Waliopelekwa huko ni watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini mwao. Wengi wao walihamishwa kutoka makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ambayo wakati huo yalikuwa yamefurika. Walikata msitu, wakajenga vijiji, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na mwaka 1985 uendeshaji wa makazi hayo ukakabidhiwa kwa Serikali kutoka kwa Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, TCRS.

Safari ya kutoka ukimbizi hadi uraia ilikuwa ndefu. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu, lakini vyeti vyao vilizuiwa kwa miaka kadhaa huku kukiwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Mpango huo uliachwa, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Miaka miwili kabla ya hapo, eneo hilo lilikuwa limetoka mkoa wa Rukwa na kuingia katika mkoa mpya wa Katavi.

Kwa mzee wa Mishamo, cheti kile kilimaanisha kuzikwa katika ardhi aliyoilima akiwa mwananchi kamili. Kwa kijana kilimaanisha jambo jingine. Kilimfungulia njia ya chuo kwa masharti yaleyale wanayopewa vijana wengine wa Tanzania, pamoja na haki ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambao hutolewa kwa raia peke yao.

Hata hivyo, zaidi ya muongo mmoja baada ya vyeti vile kuanza kugawiwa, ni dhahiri kwamba uraia peke yake haumfikishi kijana chuoni. Iko karatasi ya pili inayodaiwa mlangoni, nayo ni cheti cha kidato cha nne chenye alama ya ufaulu katika somo la Kemia.

Mtu akisoma mwongozo wa udahili wa vyuo vya kati nchini atauona ukweli huo bila ya kuelezwa. Anayetaka kusomea uuguzi na ukunga au utabibu hutakiwa awe na ufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, na miongoni mwa hayo yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Anayetaka kusomea famasia hutakiwa awe na Kemia na Baiolojia. Ualimu wa sayansi nao una sharti kama hilo. Fani hizo ndizo zinazotoa ajira katika zahanati na shule za vijijini, na ndizo ambazo maeneo ya pembezoni kama Mishamo huzililia kila mwaka.

Kwa maneno mengine, Kemia ndiyo inayoamua nani awe muuguzi na nani asiwe. Jambo la kusikitisha ni kwamba uamuzi huo haufanywi chuoni, wala haufanywi na kijana akiwa na akili ya kupambanua maisha yake. Hufanywa akiwa na umri wa miaka 15 au 16, pale anapomaliza kidato cha pili.

Kwa miongo mingi, utaratibu wa shule za sekondari nchini umekuwa huu: Baiolojia na Hisabati ni masomo ya lazima hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia huweza kuachwa mara mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu. Hapo ndipo darasa linapogawanyika, wengine wakiitwa wa sayansi na wengine wakiitwa wa sanaa. Mwanafunzi aliyeiacha Kemia siku hiyo ameuacha na uuguzi, utabibu, famasia na ualimu wa sayansi, ingawa aghalabu hakuna aliyemwambia hivyo.

Katika shule kubwa ya mjini, mgawanyo huo hufuata uwezo na matakwa ya mwanafunzi. Katika shule ya kata iliyo mbali na barabara ya lami, mara nyingi hufuata mambo mengine kabisa. Kama shule haina mwalimu wa Kemia, au mwalimu huyo ni mmoja kwa madarasa yote, au maabara ni chumba chenye meza tupu, mwanafunzi huchagua sanaa kwa sababu hakuna kingine cha kuchagua. Baadaye takwimu humhesabu kuwa ni mtu aliyeikimbia sayansi, ilhali sayansi ndiyo iliyoshindwa kumfikia.

Upo msemo uliozoeleka kwamba vijana wa siku hizi wanaogopa masomo magumu. Msemo huo hauelezi ni kwa nini woga uwe mkubwa zaidi kadiri mtu anavyosogea mbali na makao makuu ya mkoa.

Ni vyema pia kuelewa kwa nini Kemia, tofauti na masomo mengi, haiwezi kufidiwa kwa kukariri wiki chache kabla ya mtihani. Somo hili hupanda kama ngazi. Asiyeelewa atomu hawezi kuelewa namna elementi zinavyoungana. Asiyeelewa muungano huo hawezi kusawazisha mlinganyo. Asiyeweza kusawazisha mlinganyo hawezi kufanya hesabu za moli, na bila ya hesabu za moli hakuna maana ya kumpa bureti na kumwambia apime nguvu ya asidi kwa besi. Mwanafunzi aliyekosa mwalimu kwa muhula mmoja wa kidato cha tatu huwa amekosa kipandio kizima, na kila kinachofuata huwa juu ya uwezo wake.

Upo pia mzigo wa lugha, ambao kwa Mishamo ni mzito kuliko inavyodhaniwa. Katika kaya nyingi za huko, mtoto husikia Kirundi kwa wazazi na mabibi. Akienda shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukutana na Kemia kwa Kiingereza. Anapofundishwa tofauti ya kuyeyuka na kumumunyika, jambo ambalo amelishuhudia kila siku jikoni kwa mafuta na chumvi, hulazimika kwanza kuhangaika na maneno kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

Tatizo hili si geni kwa taifa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika sekondari na kuendelea. Mwaka 1990, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi zipo. Pendekezo halikutekelezwa, na kamusi ile imebaki kuwa kitabu cha rafuni badala ya kuwa chombo cha darasani.

Haiwezi kusemwa kwamba Serikali imekaa kimya wakati wote huo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata nchi nzima, na bila ya shule hizo watoto wengi wa Mishamo wasingeiona kabisa sekondari. Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndani ya miaka miwili. Muda huo ulisogezwa mbele hadi Juni 2015. Wananchi walichangishwa, kuta zikapanda, na baadhi ya majengo yakakamilika.

Lakini maabara si jengo. Maabara ni maji yanayotiririka, ni moto wa kuchemshia, ni kemikali zisizokwisha muda wake, ni mizani inayopima sawasawa, na ni fundi sanifu anayejua lipi likae mbali na lipi. Zaidi ya yote, ni mwalimu. Kwa muda mrefu Baraza la Mitihani la Taifa lilikuwa likitoa mtihani mbadala wa vitendo kwa shule zisizokuwa na vifaa, ambapo mwanafunzi alieleza kwa kalamu yale ambayo angeyafanya kwa mikono. Kizazi kizima kilifaulu Kemia bila ya kuona rangi ikibadilika katika chupa, na sehemu ya kizazi hicho ndiyo iliyokwenda vyuoni kusomea ualimu.

Jitihada ya kuziba pengo la walimu hao kwa haraka ilijaribiwa, na mwisho wake unastahili kukumbukwa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea wahitimu wa kidato cha nne kwa ajili ya stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari. Mei 2016, baada ya wahadhiri kuacha kufundisha programu hiyo, wanafunzi zaidi ya 7,800 waliondolewa chuoni kwa muda mfupi waliopewa. Baada ya uhakiki wa sifa zao, wengi walipangiwa vyuo vya ualimu vya Serikali.

Mjadala wa wakati ule ulijikita katika swali la kama vijana wale walistahili kukanyaga chuo kikuu. Swali lililosahaulika ni lile lililowapeleka pale. Nchi ilihitaji walimu wa sayansi kwa maelfu, na haikuwa nao kwa sababu miaka minne kabla ya hapo, katika shule za kata, haikuwa imeandaa wanafunzi wa kutosha wa Kemia na Fizikia. Chuo kilitakiwa kitibu ugonjwa ulioanzia kidato cha tatu.

Hapo ndipo lilipo duara lenyewe. Shule isiyo na mwalimu wa Kemia haitoi mwanafunzi wa Kemia. Asipopatikana mwanafunzi huyo, hakuna wa kutoka kijijini kwenda chuo cha ualimu au cha afya. Na asipotoka kijijini, anayepangiwa kazi kule huwa ni mgeni kutoka mbali, ambaye mara nyingi siku yake ya kwanza huanza kuulizia uhamisho. Kijana aliyezaliwa Mishamo, mwenye shamba, ndugu na lugha ya pale, ndiye anayeelekea zaidi kubaki. Kumnyima Kemia yeye ni kuinyima zahanati ya kwao muuguzi wa kudumu.

Huo ndio upande wa wanafunzi wa sayansi. Upande wa pili, ambao huzungumzwa kwa nadra, ni wa wale waliokwenda sanaa na biashara. Je, wao hawaihitaji Kemia?

Maisha ya Mishamo na mkoa wa Katavi yanajibu swali hilo kwa uzito kuliko hotuba yoyote. Mkulima huuziwa mbolea kwa mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa Urea, ambayo ina nitrojeni kwa asilimia 46, una kilo 23 za nitrojeni. Mfuko wa uzito huohuo wa Salfati ya Amonia, yenye asilimia 21, una kilo kumi na nusu tu. Ofisa ushirika aliyesomea biashara, asiyejua maana ya namba zilizoandikwa kwenye mfuko, atalinganisha bei ya mifuko na kuwashauri wakulima wanunue ulio rahisi, kumbe kilo ya nitrojeni humo ni ghali zaidi.

Aidha, Urea ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupotelea hewani. Mkulima asiyejua hivyo huona mahindi yakiwa ya manjano na kusema mbolea ilikuwa feki. Huenda wakati mwingine ni feki kweli, lakini bila ya ujuzi mdogo wa Kemia hana namna ya kutofautisha ulaghai wa muuzaji na kosa la shambani.

Tumbaku nayo ni hivyo hivyo. Nikotini iliyomo katika majani mabichi hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua, na huweza kumletea mchumaji kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Familia inayojua kwamba sumu hupita kwenye ngozi itasubiri majani yakauke maji na itafunika mikono. Ile isiyojua itadhani ni malaria.

Katika machimbo ya dhahabu ya Mpanda, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa aliyeketi karibu naye. Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki katika mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na maji taka ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba hauwezi kufika machimboni kama mtendaji wa kata, mwanasheria wa halmashauri na mwandishi wa habari, ambao wote kwa kawaida ni watu wa sanaa, hawaelewi ni kwa nini kuchoma kwa chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa kimiminika ni tofauti na kuchoma kwenye kikaango.

Asali, inayoupatia mkoa huo sifa, huchacha pale maji yanapozidi, na kiwango kinachokubalika kimataifa hakizidi asilimia 20. Chumvi ya Uvinza, jirani na Mishamo, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi na iliyofanyiwa biashara kwa karne nyingi, inatakiwa iongezwe madini joto kabla ya kuuzwa kwa mlaji ili kuzuia uvimbe wa tezi la shingo. Mfanyabiashara wa asali na mkaguzi wa chumvi wote wanashughulika na Kemia, wawe waliisoma au hawakuisoma.

Hata ndani ya zahanati, Kemia haiko mikononi mwa muuguzi peke yake. Dawa ya klorini inayouzwa kwa nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji ili kupata asilimia 0.5 inayotumika kuua vijidudu. Anayefanya kazi hiyo aghalabu ni mhudumu wa usafi. Akiongeza maji kupita kiasi, kipindupindu hubaki sakafuni, na akipunguza huharibu ngozi na vifaa. Mama anayepewa pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, yenye gramu 20.5, huambiwa aiweke katika lita moja kamili ya maji. Akigawanya pakiti hiyo kwa makadirio, mtoto anayeharisha huweza kuzidiwa badala ya kupona. Hesabu ni ileile anayofundishwa mwanafunzi wa kidato cha tatu chini ya kichwa cha habari cha ukolevu wa myeyusho.

Kwa msingi huo, vyuo vinahitaji kufundisha Kemia kwa njia mbili, na njia hizo zisichanganywe.

Njia ya kwanza ni ya daraja, kwa ajili ya kijana mwenye nia ya kuingia fani ya sayansi ambaye shule yake haikumpa nafasi. Huyu hahitaji kurahisishiwa somo. Anahitaji kufundishwa Kemia ileile ya kidato cha tatu na cha nne, kwa mwaka mmoja, katika chuo chenye maabara, kisha afanye mtihani uleule wa Baraza kama mtahiniwa wa kujitegemea. Msingi wa wazo hili upo tayari nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huendesha programu ya msingi kwa watu wasio na sifa za moja kwa moja za kuingia chuo kikuu. Kinachokosekana ni kitu kama hicho kwa ngazi ya cheti na stashahada, kikiwa mahali ambapo kijana wa Mishamo anaweza kukifikia kwa nauli ya kawaida.

Mahali hapo si lazima pajengwe upya. Kiko Chuo cha Ualimu Kasulu, mkoani Kigoma. Kiko Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, kimoja kati ya vyuo vya aina hiyo vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, kwa lengo hasa la kuwapa watu wazima elimu waliyoikosa. Aidha, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi mkoani Katavi iliyopewa jina la Waziri Mkuu mstaafu, Mizengo Pinda. Maabara moja iliyokamilika, ikitumiwa na shule kadhaa wakati wa likizo na na wanafunzi wa daraja wakati wa muhula, ni bora kuliko vyumba kumi vyenye kufuli.

Njia ya pili ni ya wale wasiokusudia kuwa wanasayansi, kama vile wanaosomea uhasibu, maendeleo ya jamii, utawala, sheria na uandishi wa habari. Hao hawahitaji kukariri jedwali la elementi. Wanahitaji muhula mmoja wa Kemia itumikayo: kusoma lebo, kukokotoa ukolevu, kuelewa asidi na besi katika udongo, kujua kipi kisichanganywe na kipi, na kutambua dai la kitaalamu linapokuwa halina msingi.

Wazo hilo haliigi ugenini, ingawa ugenini lipo. Nchini Marekani, chama cha wanakemia wa nchi hiyo kilitoa mwaka 1994 kitabu kiitwacho Chemistry in Context kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo wasiosomea sayansi, kikianza na hewa wanayovuta na maji wanayokunywa kabla ya kufika kwenye nadharia.

Nyumbani, mfano ulio karibu zaidi ni wa Hisabati. Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha tano wa tahasusi kama ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, asiyesoma Hisabati ya juu, amekuwa akisoma somo dogo la Basic Applied Mathematics, maarufu kama BAM. Wakuza mitaala walikubali kwamba asiyekuwa mwanahisabati naye anahitaji hisabati ya kumtosha. Hakuna hoja iliyowahi kutolewa kueleza kwa nini kanuni hiyo isihusu Kemia.

Vivyo hivyo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa uhandisi na sayansi wamekuwa wakilazimika kwa miongo mingi kusoma Taaluma za Maendeleo, kwa hoja sahihi kwamba mhandisi asiyeijua jamii yake ni hatari. Hoja hiyo ina upande wake wa pili. Mtawala asiyejua kinachotoka katika bomba la kiwanda naye ni hatari, lakini upande huo haujawahi kufanywa kuwa sharti.

Wapo watakaopinga. Hoja ya kwanza itakuwa ya gharama. Ni kweli maabara ni ghali, lakini sehemu kubwa ya Kemia itumikayo huweza kufundishwa kwa siki, magadi, majivu, chokaa, chumvi na mizani ya dukani. Ghali zaidi ni kumsomesha kijana miaka minne ya sekondari kwa fedha za umma na kumrudisha kijijini bila sifa ya kuingia chuo chochote cha fani ambazo kijiji hicho kinazihitaji.

Hoja ya pili, yenye uzito zaidi, ni kwamba kuchanganya viwango hudhoofisha somo. Hapa historia inatoa onyo la haki. Katikati ya miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja katika sekondari. Uamuzi huo ulipingwa na baadaye ukafutwa. Kosa lake lilikuwa kumpa anayetaka kuwa mwanasayansi na asiyetaka chakula kimoja kilichopunguzwa. Ndiyo maana njia mbili zilizotajwa hapo juu lazima zibaki mbili. Ya kwanza isipunguzwe hata kidogo, na ya pili isidai kumfungulia mtu mlango wa fani ya sayansi.

Wakati wa kulizungumza jambo hili ni sasa. Mtaala mpya wa elimu ulianza kutekelezwa Januari 2024, ukiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwaka huohuo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ya Serikali imeanza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya na ualimu wa sayansi. Yote hayo ni mema. Lakini tahasusi 65 hazina maana kwa shule inayoweza kufundisha mbili, na mkopo wa stashahada ya afya haumsaidii kijana ambaye sifa ya kuiomba aliipoteza kidato cha tatu.

Kinachohitajika kwa haraka hakihitaji sheria mpya. Kila mkuu wa shule aeleze kwa maandishi, kwa mzazi na kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, ni fani zipi zinafungwa na kuacha Kemia. Kila halmashauri itangaze hadharani ni shule zipi katika eneo lake hazina mwalimu wa somo hilo, ili mzazi ajue kabla ya kuchagua. Na kila shule isiyo na mwalimu iunganishwe na chuo au shule jirani yenye maabara, hata kama ni kwa wiki sita za likizo kwa mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe katika elimu hugharimu kizazi.

Watu wa Mishamo walisubiri miaka 42, kutoka mwaka 1972 hadi mwaka 2014, kupewa karatasi inayowatambua kuwa ni Watanzania. Watoto na wajukuu wao wanayo sasa haki ya kupeleka maombi katika chuo chochote cha nchi hii. Haki hiyo itakuwa kamili siku ambayo msichana wa Mishamo anayetaka kuwa mkunga atakataliwa au kukubaliwa kwa sababu ya alama zake za Kemia, na si kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha.